Mshika Kamba Haitikii Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa maji. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, hapa Bagamoyo, nami nilidhani kuosha minara ni kupanda na kumwaga. Fundi Mkuu alinipeleka kwenye ukuta wa ghala kuukuu karibu na forodha, akaniagiza niugonge kwa kifundo cha kidole kutoka pembe hadi pembe na nimweleze ninachosikia. Niligonga mpaka adhuhuri. Palipolia kama debe tupu, chokaa ilikuwa imeachana na jiwe. "Hapo usipige maji," aliniambia. "Hapo ni pa brashi na subira."

Naeleza haya kwa sababu nimechoka kuwasikia vijana wenye mashine wakisema eti sisi tulikuwa tukilowesha kuta tu. Tulikuwa tukiosha, tena tukiziacha kuta zimesimama.

Vifaa vyetu vilikuwa pampu ya mkono ya watu wawili, mpira wa turubai, bomba la shaba lenye tundu jembamba mdomoni na brashi za makumbi ya nazi. Mwoshaji alikalia kibao kilichoning'inizwa kwa kamba ya katani, na kamba ilipita kwenye kapi juu ya mnara, lile gurudumu lenye mfereji. Sabuni hupakwa kutoka chini kwenda juu. Ukianzia juu, michirizi hukaukia kwenye uchafu wa chini na kuacha mistari isiyotoka. Kusuuza ndiko huanzia juu. Na maji yawe matamu. Ya kisima cha chumvi huingia ndani ya jiwe, na baada ya miezi michache ukuta unatoka malengelenge. Kuta zetu za pwani ni matumbawe na chokaa, si saruji, na zinataka maji mengi yenye nguvu kidogo. Nililisema hilo kwenye kila kikao mpaka wenzangu wakaniita Bwana Matumbawe.

Nilipelekwa Pangani, kisha Saadani, kisha nikarudishwa Bagamoyo kwenye mnara wa kuongozea vyombo. Huko kote mshika kamba wangu alikuwa mtu mmoja, Mzee Kibwana, aliyekuwa baharia kabla ya kuajiriwa na idara yetu. Kazi yake ilikuwa kukaa chini, kamba imezungushwa mara mbili kwenye nguzo na ncha yake i mkononi mwake. Alinishusha au kunipandisha kwa kadiri nilivyogonga kibao. Kwa mkono wa pili alibana kamba ya ubavu, ile inayomzuia mwoshaji asipeperuke mbali na ukuta.

Sasa sikilizeni desturi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mshika kamba haitikii salamu. Mtu akiwa juu, hata apite sheikh, hata apite mama mzazi wa mshika kamba, yeye haitiki, hageuki, hatikisi kichwa. Nyayo za mwoshaji zikigusa chini, ndipo huwageukia wote waliomsalimu na kuwaitikia mmoja mmoja. Mji mzima ulijua. Akina mama waliokwenda sokoni walimsalimu Mzee Kibwana na kupita zao, na wakirudi walikuta marahaba yao inawangoja. Katika mji ambao mtu asiyeitikia salamu huhesabiwa hana malezi, tuliikubali aibu hiyo kwa sababu ilibeba roho ya mtu.

Akaletwa Bwana Msimamizi mpya. Alikuwa kijana msomi, shati limepigwa pasi, na nakiri kwamba adabu alikuwa nayo. Siku ya kwanza alipokuja mnarani nilikuwa juu nikisuuza. Nilimsikia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Kibwana alikaza macho kwenye kamba.

"Mzee, shikamoo."

Niligonga kibao, Mzee Kibwana akanishusha polepole kama kawaida. Nyayo zangu zilipogusa mchanga aligeuka, akavua kofia.

"Marahaba, Bwana Msimamizi. Karibu sana kazini."

"Sasa ndiyo unaniitikia? Mbele ya wafanyakazi wote?"

"Mtu alikuwa juu, bwana. Ndiyo desturi yetu."

Bwana Msimamizi alinigeukia mimi. "Desturi hiyo imo katika kitabu cha kazi?"

Nilijua la kusema. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na nilimwona mtu huyo amevimba kwa hasira. "Kitabuni haimo, bwana," nikasema, nikaishia hapo.

Mzee Kibwana aliachishwa kazi alasiri ile kwa utovu wa adabu. Mtu aliyenishika miaka yote ile bila kuniangusha hata shubiri moja alirudi kwao Kiwangwa na kifurushi cha nguo. Hakunilaumu. Alikunja kamba vizuri, akaitundika mahali pake, akaondoka.

Haukupita muda ikaja mashine ya presha. Injini yake ya petroli ilisukuma maji kwa nguvu ya kuchubua ngozi, nayo yalitokea kwenye chombo tulichokiita bunduki. Ni chombo kizuri kwa saruji, mkitumia mdomo mpana na kusimama mbali. Lakini bunduki hiyo ukiifyatua hukusukuma nyuma, na aliye juu kwenye kibao hana pa kukanyaga. Kwa hiyo kamba ya ubavu ilitaka mkono imara kuliko zamani zote. Nilimweleza Bwana Msimamizi. Akanipa karani wa stoo awe mshika kamba.

Siku ya kuwaonyesha wageni mashine, nilikuwa kama vimo viwili vya mlango kutoka chini. Nilifyatua. Wakati huohuo Bwana Msimamizi akafika na wageni wake na kutoa salamu. Karani, aliyejua yaliyompata mwenzake, aliitika upesi na kunyoosha mkono kupeana naye. Kamba ya ubavu ililegea, nikarushwa mbali na ukuta, na niliporudi kujigonga ukutani kamba kubwa ilimponyoka karani. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Maji ya bunduki yalikuwa yameng'oa chokaa, jiwe likabaki wazi.

Ripoti iliandikwa kwamba mwoshaji alikosa uangalifu. Karatasi hiyo niliisoma nikiwa kitandani hospitalini, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo. Kitabu cha kazi kilikuwa na kurasa za namna ya kuvaa sare na namna ya kumwandikia mkubwa barua. Cha kumlinda mtu aliye juu kilikuwa kichwani mwa mzee, na mzee tulikuwa tumemfukuza. Nasema tulikuwa, kwa sababu nami nilikuwapo.

Nilistaafishwa kwa ajili ya mguu. Juma lile lile nilipanda lori la mananasi nikaenda Kiwangwa. Nilimkuta Mzee Kibwana barazani kwake, akimenya muhogo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Kisu kiliendelea.

"Siku ile nilipoulizwa nilijua jibu," nikamwambia. "Niliogopa."

Aliutazama mguu wangu na fimbo. "Nani alikuwa kwenye kamba?"

"Karani wa stoo."

"Akamwitikia mtu?"

"Bwana Msimamizi."

Aliweka kisu chini, akanisogezea mkeka. Kukaa kulinichukua muda, maana mguu haukunjiki. Alinishika kwapani kwa mikono yote miwili na kunishusha polepole, mpaka nilipotulia chini.

"Marahaba," akasema.