Nyama Niliyoikata Nikaitupa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja kule Meru, nilipewa kisu na ngozi ya kukinolea, basi. Mkuu wa Maabara, mwanamume mrefu aliyependa chai kuliko wafanyakazi wake, aliniambia, "Kendi, hapa hatutibu mtu. Tunakata nyama vizuri ili daktari aone." Wiki tatu nzima nilikuwa nanoa tu.

Kazi ilikuwa ya mikono siku hizo. Kipande kilichotolewa kwa mgonjwa kililazwa kwenye formalini kisioze, kisha tukakimiminia nta ya moto. Nta ikiganda na nyama ndani, hiyo ndiyo bloku. Tuliikata kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, tukavielesha kwenye maji ya uvuguvugu, tukavinasa kwa slaidi ya kioo na kuvitia rangi. Utepe wa nta ukitoka mrefu bila kukatika, moyo unatulia kabisa. Harufu ile ya nta naitamani mpaka leo, mnicheke mkitaka.

Mkuu alikuwa na sheria moja. "Kata utupe, kata utupe, mpaka uso wote wa nyama utokee. Usimpe daktari nusu ya habari." Vipande vya wakati huo vilikuja vikubwa, na kutupa kidogo hakukumuumiza mtu. Nilihamishiwa Embu na sheria hiyo, nikawafundisha wengine.

Miaka yangu ya mwisho zikaja dawa mpya za saratani ya mapafu, zile zinazoamsha kinga ya mwili. Hazimfai kila mgonjwa. Kwanza hupimwa kama chembe za saratani zimevaa protini fulani inayowahadaa askari wa mwili wazipite bila kuzigusa. Ikiwa nyingi, dawa ina nafasi nzuri zaidi ya kusaidia. Lakini nyama ya pafu hutolewa kwa sindano, ni kama uzi tu. Daktari wetu wa patholojia, wa umri wa binti yangu, aliniambia, "Mama, nyama ya mapafu usitupe hata kipande. Vinavyobaki ndivyo vinavyopelekwa Nairobi kupimwa."

Nikamjibu, "Nimekata nyama tangu kabla hujazaliwa."

Mwezi huohuo akalazwa kwetu Embu Mzee Salim, muuza nyama wa Majengo, Meru. Bloku yake niliikata mimi. Mkono ulifanya ulichozoea: kata, tupa. Uso ulitoka safi kweli, na slaidi ikaonyesha saratani. Daktari alipoomba vipande vya kipimo, kwenye bloku ilikuwa imebaki nta tupu.

Nilimwendea Mzee wodini, mkewe akiwa ameenda kuchukua uji. "Mzee, nyama yako nimeimaliza mimi. Itabidi uchomwe sindano tena."

"Hata mimi nimewahi kuharibu nyama ya watu," akasema. "Nipe siku chache nipate nguvu."

Siku chache zikawa wiki tano, maana pafu lilijaa maji na daktari hakuthubutu kumchoma. Alipochomwa hatimaye, nilikata bila kutupa chochote. Jibu likarudi kutoka Nairobi: protini ilikuwa tele, yeye ndiye hasa mgonjwa wa dawa ile. Lakini hakuweza tena hata kuketi, na dawa haikuanzwa. Wakamzika Meru.

Siku ya kuniaga nikistaafu, mkewe, Mama Halima, alitoka Meru kuja. Alinishika mikono yote miwili. "Mzee alisema wewe ndiye uliyempigania."

Kumbe Mzee hakumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie mimi, wenzangu wakawa wanapiga makofi na keki inangoja. Nikasema, "Asante, mama."

Nyinyi mnaoanza kazi hii nimewaambia. Mama Halima, nambari yake ya simu ninayo, na huu ni mwaka wa tatu sijapiga.