Wivu Juu ya Ngazi

Baba Pacha alianza kazi ya sauti kwa kubeba spika za watu mgongoni, akaishia kuwa fundi wa ukumbi mkubwa wa mikutano na harusi. Ndiye aliyemfundisha mkewe, Mama Pacha, kazi hiyo: namna ya kuviringisha waya usijikunje, namna ya kusikia maiki inayotaka kupiga kelele kabla haijapiga. Alimfundisha kwa utani mwingi, na wote wawili wakaajiriwa ukumbini hapo, yeye fundi mkuu, mkewe msaidizi.

Mambo yaligeuka siku mwenye ukumbi alipozing'oa spika za zamani na kutundika mpya. Hizi mpya zilipokea sauti kwa waya wa mtandao na kutii amri za kompyuta. Ndani ya kila spika kulikuwa na programu yake ndogo, na kila baada ya muda kampuni iliyoziuza ilitoa programu mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Baba Pacha, mtu wa bisibisi na koleo, akajikuta anachungulia begani kwa mkewe. Mama Pacha aliielewa kompyuta ile kama vile alizaliwa nayo. Watu wakawa wakifika wanamuuliza mama, siyo baba. Bwana akawa anameza mate machungu, huku akijifanya anafuta vumbi kwenye mikseri.

Kilichomkera zaidi ni Mtaalamu. Huyo alikuwa kijana wa kampuni ya spika, hawakuwahi kumwona, Mama Pacha anamjua kwa sauti tu. Kila Mama Pacha alipokwama alimpigia kupitia kompyuta, akavaa spika za masikioni, na mazungumzo yakanoga. Baba Pacha alisikia upande mmoja tu, nao ulimtosha kumkosesha usingizi.

Asubuhi moja walikuwa wanabadilisha programu za spika. Mchana wake palikuwa na mahafali ya wauguzi. Spika za nyuma zilikubali bila shida, ikabaki ile iliyoning'inia juu ya jukwaa. Mama Pacha alikuwa ameiagiza kompyuta iipelekee programu, mstari wa kijani unatambaa taratibu kwenye kioo, naye anazungumza na Mtaalamu.

"Weee! Acha bwana!" akacheka mpaka akashika meza. "Mtaalamu, utanivunja mbavu mimi!"

Baba Pacha alikuwa kwenye kijichumba cha mitambo. Kicheko kile kilimchoma kama pasi. Mbele yake ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilikuwa inapepesa vitaa vyake, ruta hiyohiyo iliyobeba maongezi ya mkewe. Hakufikiri. Aliushika waya wa umeme wa ruta, akauchomoa.

"Haloo? Haloo?" Mama Pacha aliita. "Baba Pacha, mtandao umekata!"

"Ndiyo mitandao yetu hiyo," alijibu, akasubiri kidogo, akauchomeka tena.

Alichosahau ni kwamba ruta hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inapitisha programu kwenda kwenye spika. Spika ilikuwa imeshafuta ya zamani, na mpya ilikuwa imeingia nusu. Taa yake ikawa nyekundu. Mama Pacha aliizima na kuiwasha, akabadilisha waya, akajaribu kuitafuta kwenye kompyuta. Haikuonekana kabisa.

Mwenye ukumbi aliingia wakati viti vinapangwa. Alipoambiwa spika ya jukwaani imekufa, uso ulimbadilika.

"Mama Pacha, si kila kitu kilikuwa kizuri? Kwa nini mmegusagusa siku ya shughuli?"

"Samahani bosi. Nadhani nimekosea hatua mahali."

Baba Pacha alisimama palepale, mikono mfukoni. Angeweza kusema. Hakusema. Tena, jambo ambalo lilikuja kumtesa baadaye, moyoni alionja kitu kitamu: leo na yeye kagombezwa. Kisha akamwona mkewe anafuta macho kwa upande wa khanga, haraka, ili asionekane, na utamu ule ukamgeukia shubiri.

Mama Pacha alimpigia Mtaalamu kwa simu ya mkononi. Dawa ilikuwepo: waya utoke kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye spika, bila kupitia ruta. Halafu mtu ashikilie kitufe kidogo cha nyuma wakati umeme unarudi. Spika ingeamka nusu, iwe tayari kulishwa programu upya.

Mtu huyo ilibidi apande ngazi. Baba Pacha akapanda, akauchomeka waya ule.

"Taa ina rangi gani?" mkewe aliuliza kutoka chini.

"Ya njano. Au ya machungwa."

"Njano au machungwa, baba?"

"Mimi nitajuaje? Inapepesa!"

Mama Pacha alipanda vidaraja kadhaa, akampa simu, ikiwa imefunguliwa sauti. "Zungumza naye mwenyewe."

Baba Pacha akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, pale pale kifuani. Hakuwahi kudhani adui yake angefika karibu na moyo kiasi hicho.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti ya Mtaalamu.

"Marahaba," akajibu kwa shingo upande.

"Mzee, kabla hujabonyeza, naomba nikuulize. Mama anasema amekosea, lakini hatua zake nilizifuatilia zote, hakukosea. Nadhani ruta ndiyo mbovu. Niwatumie nyingine?"

Mama Pacha alikuwa ameshuka tena, ameishikilia ngazi kwa mikono miwili ili mumewe asianguke. Baba Pacha alimtazama utosini.

"Ruta ni nzima," alisema hatimaye. "Waya niliuchomoa mimi."

Mama Pacha aliyasikia. Ngazi haikutikisika.

"Oh," alisema Mtaalamu. "Basi angalau ruta ni nzima. Shikilia kitufe, mzee."

Spika ikaamka, ikalishwa, ikaimba. Wauguzi walipata vyeti vyao na kila jina lilisikika hadi mlangoni. Mama Pacha alifanya kazi yake yote bila kumwambia mumewe neno lisilo la kazi. Walipobaki wawili wakikunja nyaya, ndipo alipouliza.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unacheka naye."

"Alikuwa ananisimulia alivyounguza spika ya mteja siku yake ya kwanza kazini. Anachekesha, ndiyo. Na wewe ulikuwa unachekesha. Siku hizi ukiniona na kompyuta unanuna kama umeonewa." Alifunga waya aliokuwa ameukunja. "Lakini siyo kuchomoa kunakoniuma. Uliniacha nikagombezwa, umesimama."

Baba Pacha aliacha nyaya pale. Alikwenda ofisini kwa mwenye ukumbi, akasema kila kitu. Bosi alimtazama mtu mzima mwenye mvi anayeichomolea umeme ruta kwa wivu, akashindwa kukasirika, akamwambia aende zake kabla hajamcheka usoni.

Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya spika ilimwita Mama Pacha awe anahudumia kumbi nyingine mjini.

"Utakuwa na Mtaalamu?" Baba Pacha aliuliza.

"Nitakuwa na spika."

Wivu ulimpanda, wa mke na wa kazi ukiwa umefungamana, hajui upi ni upi. Hata hivyo alisema, "Nenda." Asubuhi ya kwanza alimbebea begi la kompyuta mpaka barabarani, akarudi ukumbini na donge lake. Na siku za mapumziko alivuta kiti mezani, mkewe akamfundisha kubadilisha programu za spika, akimpiga vikofi vya mkononi kila alipotaka kubonyeza kabla hajasoma.