Pikipiki ya Marehemu Iliyozidi Kuinama

Kila asubuhi pikipiki ya Kiptum ilikutwa imeinama nyuma zaidi ya jana, kama kuna mtu anayeikalia usiku, na mtu huyo anazidi kunenepa.

Na Kiptum tulikuwa tumeshamzika.

Haikuwa pikipiki ya boda. Lilikuwa lile dude kubwa aliloachiwa na mmishonari mmoja mzee, lenye masanduku ubavuni na kiti kama kochi. Kutoka Silibwet hadi Sigowet, bibi harusi asiyebebwa na Kiptum alijiona hajaolewa vizuri.

Alianguka kwenye kona, katikati ya mashamba ya chai, akitoka harusini na spika nyuma. Hakuamka. Pikipiki ikarudishwa bomani kwake.

Wa kwanza kusema juu ya ile kuinama alikuwa bosi wangu, fundi Kipyegon, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Alienda kutoa pole, akaitazama pikipiki, akatikisa kichwa.

"Huyu bado anakalia chombo chake. Kuna kitu anadai."

Basi. Maneno ya aina hiyo hayahitaji miguu. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua anachodai: anamdai aliyemuua. Na aliyemuua, wakasema, ni mke wake Nyamusi, kwa sababu ni Mkisii, na "watu wa kwao tunawajua."

Wazee wakapanga kikao. Nyamusi arudishwe kwao. Binti yake, Nelvine, abaki, kwa kuwa ni damu ya boma.

Nyamusi alikuja gereji macho yamevimba. Mimi nilikuwa chini ya pikapu, nikasikia yote. Nilisomea ufundi chuoni Kericho, lakini pale gereji kazi yangu kubwa ilikuwa kunyamaza. Kuongea mbele za watu hunitoa jasho.

"Fundi, njoo tu uiangalie," alimwomba bosi. "Labda imeharibika."

"Mama Nelvine, kitu cha marehemu hakiguswi. Enda uombe."

Nilimfuata hadi barabarani, mikono ikiwa na grisi.

"Mama Nelvine, ile pikipiki haibebwi na springi peke yake. Shokabzoba zake za nyuma hujazwa upepo, kama gurudumu. Upepo ukitoka, inainama."

Alinishika mkono ule ule wenye grisi. "Unaweza kusema hivyo mbele ya wazee?"

Nikasema ndiyo. 

Siku ya kikao nilifika bomani na pampu ya mkono yenye geji, na maji ya sabuni kwenye chupa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, bosi wangu kati yao, ndani ya koti la Jumapili. Aliponiona alishusha kofia hadi machoni.

Niliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati. Nikajaza upepo. Nikapaka sabuni kwenye vali, kwenye viungo, na kwenye mpira mwembamba unaopeleka upepo kila upande, kadiri mkono ulivyofika. Mahali penye tundu, sabuni huvimba viputo.

Hakuna kiputo hata kimoja. Geji haikusonga.

"Si ulisema ni upepo?" akauliza Chepyegon, kaka yake marehemu. "Ama upepo pia unaogopa wazee?"

Watu wakacheka. Nyamusi alimvuta Nelvine karibu, akaanza kumfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kama mtu anayeaga.

"Cheptoo, umejaribu," bosi akaniambia kwa upole. "Funga vyombo twende."

Niliinama kufunga vyombo, na hapo nikaona. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaning'inia. Pikipiki haikubeba uzito wowote. Nilikuwa nampima mgonjwa wa mgongo akiwa amelala.

"Lazima iteremshwe," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Na mtu aikalie."



Katika boma lile, kiti cha marehemu hakikaliwi kabla wafiwa hawajanyolewa. Nyamusi angekikalia, hapo hapo wangepata ushahidi wao. Mimi si wa boma, nisingeruhusiwa. Chepyegon akaangalia viatu vyake.

Kogo, yaani bibi, mama mzazi wa Kiptum, akainuka.

"Mama, hapana," Chepyegon akasema.

"Kama mwanangu yuko hapo, atanipakata. Mimi ndiye nilianza kumpakata."

Tuliishusha pikipiki kwenye stendi, tukamwinua kogo. Akakaa upande upande kama wale maharusi, leso juu ya magoti.

Ssss.

Nyuma ya kifuniko cha ubavuni, karibu na bomba la moshi, sabuni iliyotiririkia huko ilichemka povu kama maziwa. Pikipiki ikazama polepole, na kogo juu yake.

"Ni hivyo tu?" akauliza. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Ni hivyo tu?"

Niling'oa kifuniko. Mpira ulikuwa umeunguzwa na bomba, ukakatwa, ukaunganishwa kwa kipande cha kalamu, juu yake tyubu kuukuu na waya wa shaba. Bila uzito, ulishika. Ukibebeshwa, ulitoa.

Chini, mguu wa stendi ulikuwa umesagika upande mmoja hadi unang'aa. Spika ilikuwa nzito, upepo ukatoka, pikipiki ikazama njiani. Kwenye kona, chuma kilifika lami, kikainua gurudumu.

"Nani alifunga huu waya?" Chepyegon akauliza.

Ncha ya waya ilikuwa imekunjwa kitanzi kidogo, usichome mkono. Nami hufunga hivyo hivyo. Nilifundishwa gereji.

Sikutaka kumtazama bosi wangu. Shingo iligeuka yenyewe, na macho ya watu wote yakaifuata.

Kipyegon akavua kofia. "Alikuwa na haraka ya harusi. Nilimwambia arudi Jumatatu."

"Na ulipokuja kunipa pole," kogo akauliza kutoka juu ya kiti, "ulikuwa unajua?"

Kipyegon akairudisha kofia kichwani.

Hakuna aliyemwambia Nyamusi samahani. Ghafla kila mtu alikumbuka ng'ombe wake hajakamuliwa.

Baada ya siku chache aliondoka mwenyewe, Nelvine mkononi. Kogo hakumzuia mtoto. Nilipomsindikiza, Nyamusi aliniambia, "Cheptoo, siwezi kulala mahali nimeokolewa na sabuni. Siku sabuni ikikosa?"

Kazi ya gereji sina tena. Kipyegon bado ana gereji yake, na kanisani bado anasoma neno.

Wewe unayesoma hapa, msibani akitokea mtu mwenye haraka ya kukuonyesha mchawi, usifuate kidole chake. Kwanza angalia ule mkono ulikuwa umeshika nini.