Dindo ya Koko

Juzi, huko Beni, nilimwona mama mmoja akichanganya nyama ya kusaga na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Butembo.

Mama alikuwa amechinja dindo, bata mzinga wetu wa pekee, aliyezoea kunifuata uani. Aliikatakata nyama mpaka ikalainika kabisa, akatia kitunguu na mkate uliolowa. Niliamini anaikata hivyo ili nisimtambue rafiki yangu.

“Mama, hapana kata tena,” nikalia. “Nilishamujua.”

“Nyamaza. Hii iko ya Koko.”

Koko, mama mzaa baba, alikuwa amekuja kwetu akikimbia vita, na kwa siku mbili alikataa kula. Nilidhani ametununia. Leo najua fizi zilimuuma. Tangu harusi ya wazazi wangu alimwita Mama “bibi ya Paluku”, yaani mke wa mwanawe, basi.

Mama aliiviringa ile nyama kuwa madonge, akayakaanga, harufu ya kitunguu ikajaa uani. Koko alipewa matatu; alimega moja, mafuta yakamtiririka kidevuni, akamaliza yote matatu.

“Mutoto yangu,” akasema, “niongezee.”

Nilichukua sahani nikakimbia kwake, lakini alikuwa akimtazama Mama.