Mchinjaji Aliyeogopa Sindano

Ndelilio wa Uru ndiye aliyechinja ng'ombe wa ukoo kila Desemba, ndugu wanaporudi nyumbani. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, na alijua wazi kwamba siku mkono utakapomtetemeka, kisu kitakwenda kwa mdogo wake Ebenezeri.

Sasa mtu huyo asiyeogopa pembe aliogopa sindano! Alikuwa na kisukari, na kila siku alijidunga insulini pale pale karibu na kitovu, kwa kuwa hapakuuma tena. Pangeumaje? Nyama ilishavimba ikawa kinundu kigumu kama yai. Dawa ilikwama humo, sukari ikapanda, naye akazidi kuongeza dozi.

Nesi Evelyn wa zahanati alikibonyeza kinundu, akakunja uso. "Baba, hama hapa. Choma pajani, na uwe unahamahama. Ila dozi uipunguze kama nilivyokuandikia, huko dawa itaingia yote."

La kuhama alilishika. La kupunguza liliingia sikio hili likatokea lile.

Asubuhi ya kuchinja alijichoma pajani dozi yake nzima, tumbo tupu. Kwao mchinjaji hali kitu mpaka kipande cha kwanza cha ini kichomwe. Basi fahali akakata kamba, akamvunja kijana mmoja mbavu, akatimua mbio akiangusha migomba. Mpaka wanamkamata na kumlaza chini, jua lilikuwa kali na shati la Ndelilio limelowa jasho.

Akachoma kisu, kikaenda kombo. Fahali akanguruma. Akachoma tena, begani, shavuni, jichoni, damu ikawarukia watu usoni, na hata mnyama alipotulia yeye hakuacha.

"Kaka, basi! Amekufa!" Ebenezeri alipiga kelele.

Ndelilio akageuka, akawatukana wote matusi ya nguoni. Salvina, mkewe, alijua papo hapo kwamba sukari imeshuka. Akamkimbilia na chupa ya soda. "Baba Elinipendo, kunywa!"

Kisu kilimpasua mkono kutoka kiwiko hadi kiganja.

Ebenezeri akamtandika kaka yake mpini wa jembe magotini, wanaume wakamrukia, wakamkandamiza kwenye matope ya damu huku akiuma na kupiga mateke. Kisu Ebenezeri akakiokota, akakichomeka kiunoni mwake. Salvina, mkono umefungwa khanga iliyokwisha kulowa, akapiga magoti na kumnywesha mumewe soda funda moja moja.

Polepole macho ya Ndelilio yakatulia. Akaiona khanga. Akajaribu kuinuka, amepandwa na hasira.

"Nani amekukata? Nitajie, Mama Elinipendo! Wallahi namuua leo hii!"

Wanaume wakamrudisha chini.

"Kunywa kwanza," Salvina akamwambia, machozi yakimtoka. "Ukimaliza nitakutajia."