Ile ya Kijani Ilirudi Nzima

Harufu ya mazutu, yaani dizeli, ikichanganyika na ya samaki wa chumvi haipendezi puani mwa kila mtu, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya likizo kubwa. Shule zilipofungwa, na vumbi jeusi la mawe ya volkano likaanza kupanda hadi kwenye mabati ya nyumba zetu pale Ndosho, baba aliniruhusu kukaa mbele, kati yake na mama, katika pikapu yetu ya kijani, twende Vitshumbi kununua samaki. Tulitoka Goma asubuhi na baridi, tukapita Kibumba katika ukungu, tukateremka Rugari, na kufikia Rutshuru jua lilikuwa limekwisha kuchoma bati la paa juu ya vichwa vyetu. Kiti kilikuwa kimepasuka na kushonwa kwa uzi wa nyavu. Miguuni mwangu palikuwa na dumu la maji, kapu la ndizi za kuchoma, na moto wa injini uliopenya sakafuni hadi nikawa nakunja miguu kama kuku. Baada ya mbuga, ziwa lilitokea ghafla, jeupe kwa jua, na pale kijijini viboko walipita kati ya nyumba kama wenyeji, na wale ndege wakubwa wenye vipara walisimama juu ya mapaa wakisubiri matumbo ya samaki. Mama alishuka kushindana kwa maneno na wavuvi. Baba alibaki na gari lake, akilizunguka na kuligonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua chungu sokoni.

Sisi ni watu wa Butembo kwa asili, na biashara ya njia ndefu tumeirithi kama wengine wanavyorithi mashamba. Lakini baba hakujivunia biashara, alijivunia gari. Ile pikapu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, na bado ilikuwa na bampa la chuma kizito, boneti ambayo mtoto hawezi kuiinua, na springi ambazo haziulizi umepakia nini. Ilibeba samaki, saruji, viazi, wanakwaya wa parokia na bibi harusi wa majirani. Mara moja, mvua ilipokuwa imeharibu barabara karibu na Mabenga, ililala ubavu na mizigo yake yote. Abiria walitoka mmoja mmoja wakipangusa matope, wakaisimamisha kwa kamba na kelele, baba akapanda, akazungusha ufunguo, ikawaka. Watu wakapiga makofi. "Hii si gari," baba aliwaambia akicheka. "Hii ni chuma." Ya kale dhahabu, wazee walisema, na kwa umri wangu ule niliamini kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya gari letu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la tano, na mdogo wake baba, aitwaye Mbusa, alikuwa ameoa karibuni. Tulimwita papa mudogo. Alikuwa mrefu, mwenye pengo kwenye meno ya mbele, na kicheko chake kilisikika kabla hujamwona. Alijifunza kuendesha katika ile ya kijani, na alijua hasira zake zote: lini ukanyage klachi mara mbili, mlango upi ufunguliwe kwa teke. Baba naye alikuwa ameanza kuchoka mgongo. Akauza kiwanja alichokuwa nacho upande wa Sake, akanunua pikapu nyeupe iliyoshushwa Mombasa, ambayo haikuwa mpya kabisa lakini kwetu ilikuwa mpya kama siku. Ile ya kijani akampa Mbusa aanzie maisha.

Mama hakupenda. Alikuwa amesimama mlangoni na mikono ina chumvi. "Papa Masika," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "usiache mbachao kwa msala upitao. Ile ingine tunaijua. Hii ya sasa tunaiona tu inang'aa."

"Mama Masika, mugongo yangu ndiyo inaijua," baba akajibu, na mambo yakaishia hapo.

Kipya kinyemi, lakini ile nyeupe haikutupa hata wiki ya kuifurahia. Ilikuwa na taa ndogo nyingi mbele ya usukani, na kila taa ikiwaka baba alisimama na kukuna kichwa. Usipofunga mkanda, ililia kengele bila kukoma, na watoto wa mtaani wakajifunza kuigiza kengele hiyo tulipopita. Katika ile ya kijani mikanda haikuwapo. Baba aliikata zamani, akawa anafungia nayo magunia, kwa sababu ilikuwa imara kuliko kamba yoyote ya soko la Virunga. Siku moja ile nyeupe ilizima katikati ya mbuga bila kutoa sababu, samaki wakaanza kuharibika, na ni Mbusa aliyekuja na ile ya kijani kutuvuta hadi mji wa Kiwanja. Alitoa kichwa dirishani njia nzima, akipiga honi kila kijiji ili watu watoke waone. Baba alikaa nyuma ya usukani usio na kazi. Mimi nilihamia kwa papa mudogo, nikapiga honi pamoja naye.

Kisha ikaja asubuhi ya Kibumba. Sisi hatukuwamo safari hiyo. Baba alikuwa peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, lori la makaa limesimama barabarani bila taa, na alipoliona alikuwa amekwisha kulifikia. Ile nyeupe waliileta nyumbani mchana ikivutwa, na mtaa wote ukatoka. Sijawahi kuona kitu kilichokunjamana vile. Boneti ilikuwa imejikunja kama barua iliyotupwa, bampa limekatika vipande vipande, rejeta imerudi nyuma hadi kwenye injini. Baba alishuka kutoka gari lililomvuta, kiganja kimefungwa kitambaa, na alama nyekundu imepita begani hadi kifuani pale mkanda ulipomshika. Hakuwa na jeraha lingine.

Mama alimpapasa uso, mbavu, magoti, kama anayehesabu mtoto aliyezaliwa sasa hivi. "Uko muzima?"

"Niko muzima. Ni gari ndiyo imekufa."

Hapo ndipo watu walipopata ruhusa ya kucheka. Jirani mmoja akasema gari hilo lilitengenezwa kwa karatasi. Mwingine akauliza kama limebaki kidogo afungie sambusa. Papa mudogo alifika na ile ya kijani, akaiegesha kando ya mabaki yale makusudi, akalipiga kofi bampa lake la chuma, akamwambia kaka yake: "Yaya, unaona? Kama ungekuwa na mukubwa huyu, ni ile lori ndiyo ingelia!" Tukacheka sote, hata mama, na yeye alicheka zaidi kwa kuwa hofu ilikuwa inamtoka. Baba peke yake alikuwa anaangalia ile nyeupe kwa namna ambayo sikuielewa, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu aliyesalimiwa na asiyemfahamu.

Nimekuwa nikiirudia siku ile moyoni miaka yote. Gari lilikuwa limevunjika ili yeye asivunjike, na sisi tukalicheka. Hakuna aliyeisoma habari iliyokuwa imeandikwa kifuani mwa baba kwa alama nyekundu. Tulipima uimara kwa bati, kwa sababu ndilo lililoonekana.

Ile nyeupe ilipelekwa gereji, na wateja wa mama walikuwa wanasubiri. Mbusa akasema safari ya Vitshumbi ataifanya yeye, na hakuna aliyefikiri mara mbili. Mama alimfungia ugali na sombe, kisamvu chetu, kwenye majani ya ndizi. Mkewe, ambaye alikuwa na mimba ambayo ndiyo kwanza ianze kuonekana, alimletea koti. "Uambie wavuvi mimi nataka kapitala kubwa, ya kichwa nene," alisema, akimaanisha samaki aliyemtamani, na papa mudogo akaapa atamletea hata kiboko. Nilitaka kwenda naye. Alininyanyua, akanikalisha juu ya boneti ile nzito, akasema safari ijayo. Akaondoka akipiga honi.

Kesho yake alasiri niliisikia ile honi. Nasema honi, lakini sikumbuki kama kweli ililia au ni mimi niliyeiweka baadaye. Mngurumo wa injini ndio nina hakika nao, kwa sababu hakuna gari jingine lililonguruma vile mtaani kwetu. Nikakimbia nje nikiita jina lake. Ile ya kijani iliingia uani polepole, nzima. Bampa lilikuwa limepinda upande mmoja tu, na taa moja imepasuka. Aliyeiendesha alikuwa mwanamume nisiyemjua. Nyuma, juu ya magunia ya samaki, alikuwa ameketi mama mmoja muuza samaki, mkono umechubuka, na mbele yake palikuwa na mtu aliyefunikwa kwa turubai. Miguu iliyotokeza ilikuwa imevaa viatu vya papa mudogo.

Yule mama ndiye aliyetueleza. Walikuwa wanapanda Rugari. Kijana mmoja alikuwa anashuka na tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyosheheni kabichi, gurudumu likamshinda, akaangukia katikati ya barabara. Mbusa alimkwepa. Gari likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya volkano, na ukuta ule ndio uliobomoka. Yeye usukani ulimpokea kifuani. "Alisema tu, 'Mutoto ya tshukudu iko muzima?'" yule mama alituambia. "Tukamujibu ndiyo. Akanyamaza." Watu wa kijijini walikusanyika, wakalinyoosha bampa lisiguse gurudumu, wakazungusha ufunguo, ikawaka mara moja. Ndiyo iliyompeleka zahanati, na zahanati waliposema hakuna la kufanya tena, ndiyo iliyomleta kwetu.

Kilio cha mkewe sitakiandika. Nitaandika nilichomwona baba akifanya. Watu walipokwisha kumshusha Mbusa na kumwingiza ndani, alibaki uani na ile pikapu. Alifungua mlango wa dereva, akapitisha mkono polepole ukingoni mwa kiti, akapata kile kisiki cha mkanda alioukata mwenyewe, kirefu kama kidole. Akakishika. Wanaume waliokuwa wamekuja kwenye msiba walikuwa wanalizunguka lile gari, na kwa kuwa mtu katika huzuni husema lolote, mmoja wao alisema, "Lakini angalia chuma ya zamani. Hata haikuumia." Baba aliufunga mlango, si kwa nguvu, akaenda kuketi chini na wanawake.

Tulimzika Mbusa hapa Goma, kwa kuwa njia ya Butembo haikuwa ya kuaminika. Ajali haina kinga, padri alisema, na watu wakaitikia kwa vichwa. Baba hakuitikia. Mtoto alizaliwa baadaye, wa kiume, na meno yalipoota yakawa na pengo lilelile. Ile ya kijani aliinunua mfanyabiashara wa mbao, na kwa miaka mingi tulikutana nayo barabarani, imebeba mbao hadi inatembea kama bata, injini haijaguswa. Mama alipoiona aligeuza uso. Baba alisimama hadi ipite.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha shule ya msingi, na barabara ile ya likizo zangu si barabara ya kwenda unapotaka. Kuna wakati inapitika, kuna wakati unauliza kwanza, na samaki wa Vitshumbi anapofika sokoni amekwisha kupita mikono ya watu wengi wenye silaha na wasio na silaha. Nyumba yetu ya Ndosho imezungukwa na gereji, na wanaume wake kila siku wanabishana jambo lilelile: kwamba pikapu za siku hizi ni plastiki, kwamba zinataka kompyuta hata kubadilisha balbu, kwamba za zamani zilitengenezwa na watu waliomwogopa Mungu. Mimi nikipita huwa najaribiwa kuwakubalia, maana kweli za sasa huzima barabarani kwa kosa la waya mmoja, na fundi mwenye nyundo na spana hana la kuzifanyia. Nayatamani yale magari kama ninavyoutamani utoto wenyewe. Kisha nakumbuka, na utamu unageuka mdomoni.

Mwezi uliopita ndugu yangu Kambale alinunua pikapu, mpya kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Baba, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, tulimtoa nje aione. Mafundi wa jirani wakamzunguka kwa heshima, kwa kuwa wanajua aliendesha njia ile zamani.

"Muzee," mmoja wao akamuuliza, "wewe uliona zote. Za zamani na hizi, gani iko nguvu?"

"Za zamani," baba akajibu bila kusita.

Wakashangilia, wakapigana mabega. Baba alingoja wanyamaze.

"Ziko nguvu kupita mutu," akasema.

Hakuna aliyejua amalizie vipi kicheko chake. Kambale akamfungulia mlango, baba akaingia, nami nikapanda nyuma yake. Tuliondoka polepole juu ya mawe, na nikawa namwangalia kisogo chake cheupe, nikifikiri kwamba Mbusa naye sasa angekuwa na mvi. Angekuwa mbishi kuliko wanaume wote wa gereji zile. Angeshinda hapo mchana kutwa akiapa kwamba za zamani ndizo gari, nasi tungemwacha ashinde.