Njia ya Mkato ya Rauno

Tangu mumewe Eino afariki, mtu pekee aliyebisha mlango wa Irja Kemppainen wakati wa baridi alikuwa Rauno Lahti. Rauno na Eino hawakuwa ndugu, ila walikata magogo pamoja hadi wakazeeka. Kila Jumamosi alifika na pikipiki yake ya theluji, akaweka mkate wa iliki mezani na kusema, "Shemeji, tia kahawa kabla sijawa barafu."

Irja alikuwa mlinzi wa kujitolea wa njia za msitu wa umma. Alizunguka na pikipiki yake akiwakumbusha waendeshaji: shika kulia, punguza mwendo karibu na nyumba, usiendeshe umelewa, usitoke nje ya njia. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwita bibi kikongwe na kuondoka kwa kasi.

Mwaka ule theluji ilianguka hadi kifuani. Afisa wa misitu akafunga kwa utepe eneo la mierezi ambako kulungu hujibanza kusubiri joto lirudi, maana kulungu akikimbizwa kwenye theluji nene huishiwa nguvu akafa.

Jumamosi moja asubuhi Irja akakuta alama za pikipiki zimepita chini ya utepe. Akavaa viatu vipana vya theluji, akazifuata kwa miguu. Kati ya miti alimkuta kulungu jike amezama hadi tumboni, mdomo wazi. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Mbele kidogo mtu alikuwa akichimbua pikipiki iliyokwama.

"Rauno! Hukuona utepe?"

"Niliuona, shemeji. Lakini kuzunguka kote kule mgongo wangu hauwezi tena. Huku natokea nyuma ya nyumba yako moja kwa moja."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Wewe hujiulizi mkate unafikaje ungali moto?" Akacheka.

"Kuna kulungu anakufa hapo nyuma yako."

Kicheko kikakatika. Rauno akageuka, akatazama, akashusha sauti. "Basi yaishe hapa hapa. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

"Eino angeninyamazia."

"Eino angekuzaba kofi."

Irja akamsaidia kuichimbua pikipiki. Nyumbani alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akampigia afisa. Rauno akanyang'anywa kibali cha kuendesha msituni msimu mzima.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Wala ile nyingine. Irja akaoka mkate mwenyewe, ukaungua chini, akazunguka njia yote ndefu hadi kwa Rauno. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kunywa kahawa."

"Kahawa imekwisha."

Harufu ya kahawa ilikuwa ikitoka jikoni hadi pale kizingitini. Irja akamkabidhi mkate. Rauno akaupokea, akashukuru, akafunga mlango taratibu, na upole ule ndio uliomuuma Irja zaidi. Heri angeubamiza.

Akarudi polepole. Karibu na daraja akakutana na kundi la wageni. Aliyetangulia akainua vidole vinne: nyuma yake wako wanne. Ndivyo wanavyofanya waendeshaji wakipishana, na anayekutana nao naye hujibu kwa idadi ya wenzake. Irja akashika kulia, akapunguza mwendo, akainua mkono wa kushoto na kuukunja ngumi.

Nyuma yangu hakuna mtu.

Wakapita mmoja mmoja, wa mwisho akampungia, na vumbi la theluji likatulia juu ya njia.